Siku Sitini za Kalekye

Walipofika pale pa kusema kwamba marehemu hakuwahi kukosea hata mstari mmoja katika kazi yake yote, nilikohoa kwa nguvu hata mama aliyekaa mbele yangu akageuka kunipa peremende. Niliipokea. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki, nje kidogo ya mji wa Kitui, chini ya hema la kukodi, tukimzika mzee Kasyoka, mpima ardhi, mtu aliyenipa kazi yangu ya kwanza. Programu ya mazishi ilikuwa na kurasa nane za karatasi ya kung'aa, na kwenye ukurasa wa tatu Kasyoka alikuwa amesimama nyuma ya theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, jicho moja limefumbwa, mdomo umebanwa, picha ya mtu asiyebishiwa. Kulikuwa na mstari mmoja uliokosewa. Tuliouficha tulikuwa wawili, na sasa nimebaki mimi, na kusema kweli nilikasirika. Nilimkasirikia kwa kufa kabla hajausema, nikamkasirikia aliyeandika ile programu, nikajikasirikia mwenyewe zaidi kuliko wote wawili. "Ni kweli, Madam? Hata line moja?" alininong'oneza Mutheu, aliyekaa kushoto kwangu. Mutheu ni mpima wa siku hizi. Kifaa chake kinakaa juu ya fimbo, kinazungumza na setilaiti, na kinamwambia aliposimama bila kukosea zaidi ya upana wa kidole. Amepewa kazi ya kusafisha ramani za zamani za Kalamba ziingizwe kwenye kompyuta, na ingawa nilistaafu, huwa ananiita nimsomee miandiko ya watu waliokwisha kufa. "Kuna moja Kalamba inanisumbua," aliendelea. "On the ground, masalio ya ua yamepinda huku. Kwa mapu, ua umepinda kule. Na shape ni ile ile kabisa, ni kama mtu aliiangalia kwa kioo." Nikamwambia anyamaze, watu wanaomba.

Mwaka mstari ule ulipokosewa ndio nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Ya nyumbani kwetu sitayasimulia; kila mtu ana kwao na wote tunalalamikia yale yale. Nilichukuliwa kuwa karani wa kikosi cha kupima mipaka huko Kalamba, upande wa Makueni, ambako serikali ilikuwa inawaandikia watu mashamba yao wapate hati. Kikosi ni neno kubwa, maana tulikuwa watatu. Kasyoka alipima. Muema, mtu mzima mwenye miguu mirefu na maneno machache, alivuta mnyororo. Mimi niliandika. Tulikodi vyumba nyuma ya duka la sukari na mafuta ya taa, na kimoja tukakifanya ofisi: meza moja, benchi moja karibu na meza yangu, na viti vitatu, ambavyo kimoja kilikuwa cha theodolaiti. Naam, cha theodolaiti. Sanduku lake la mbao lilikaa juu ya kiti mchana kutwa, limefunikwa kitambaa kilichofumwa na mke wa Kasyoka, na Muema, aliyekuwa na mgongo wa kuuma, alikula chakula chake amechuchumaa mlangoni. Siku moja niliuliza kwa nini sanduku lisiwekwe sakafuni. "Mwiitu," Kasyoka alisema, akitumia neno letu la binti kwa namna ya kukukumbusha kwamba wewe ni mtoto, "hiyo mashini inaona nyota. Wewe unaona nini?" Kwa mwaka mzima sikuiona ikitolewa zaidi ya mara tano, kwa sababu skrubu yake moja ilikuwa imelika na yeye hakutaka ofisi ijue.

Tulikula muthokoi mchana, tukala muthokoi jioni, na Jumamosi tukala muthokoi uliotiwa mafuta ya ng'ombe. Kasyoka alikula polepole huku akihubiri, kwa hiyo historia yote ya upimaji niliipokea pamoja na mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Wa kwanza, alisema, walipima kwa kamba yenye mafundo kando ya mto, kwa sababu kila mwaka mafuriko yaliwafutia mipaka. Lakini kamba ikilowa hujivuta, na shamba la mtu likawa linapungua au kuongezeka kulingana na mvua. Ndipo padri mmoja Mwingereza akabuni mnyororo wa chuma wenye viungo mia. Mnyororo nao viungo vyake husuguana, hulika, ukarefuka bila mtu kujua, ndipo ukaja utepe wa chuma, na utepe nao hurefuka kwa jua. "Kila chombo kimezaliwa na makosa ya kile kilichotangulia," alimalizia kila mara, ameinua kijiko. Ni maneno mazuri, nami nimeyatumia mwenyewe mbele ya wanafunzi bila kusema niliyapata wapi. Ila hakuwahi kuongeza kwamba tangu zama za kamba ya mafundo kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyebuni badala yake, nacho ni mtu anayeandika. Muema aliyasikiliza haya kila siku, na kila siku akauliza kama chumvi imebaki.

Kitabu changu cha kazi tulikiita kitabu cha shambani, na huandikwa kuanzia chini ya ukurasa kwenda juu. Mara ya kwanza nilidhani nachezewa. Sababu yake ni nyepesi: anayeandika anatembea mbele, na ukurasa unatembea naye. Katikati ya karatasi anaweka umbali, sifuri ikiwa chini kabisa, na kilicho mkono wake wa kushoto anakiandika kushoto, cha kulia anakiandika kulia. Kanuni ya pili ni kwamba kitabu hicho hakinakiliwi. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja na kuandika kando; tope likiingia, linabaki. Kilichoandikwa pale mtu aliposimama ndicho ushahidi, na nakala ni maneno ya mtu aliyekaa kivulini. Kasyoka alinikaririsha hayo kama mistari ya Biblia. Mimi nilikuwa nimesifiwa miaka minne kwa kazi safi, kuanzia juu, kwa rula, na nilikichukia kile kitabu tangu siku ya kwanza.

Ua wa Kalekye tuliupima kwa mnyororo kwa sababu ya wingu. Sehemu kubwa ya Kalamba ilikuwa imepigwa picha kutoka kwa ndege na mipaka ikachorwa kwa kufuata picha, lakini siku ndege ilipopita kulikuwa na wingu moja angani, nalo lilichagua kukaa juu ya mteremko wa Kalekye na jirani yake Mbithi. Huku kwetu, ambako watu hukaa miezi wakiliombea wingu! Basi ikabidi twende kwa miguu. Kalekye, au Mama Mutua, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mume wake akifanya kazi bandarini Mombasa na kurudi kila Desemba. Mbithi alikuwa mzee wa kanisa na mwanakamati wa ardhi, mtu wa tabasamu lisilokauka. Ua wa minyaa uliokuwa kati yao ulishuka mteremko karibu moja kwa moja, isipokuwa mahali pamoja ulipotoa tumbo na kuingia upande wa Mbithi. Ndani ya tumbo hilo mlikuwa na kisima. Kalekye alikichimba pamoja na wanawake wa kikundi chake, kwa majembe na sufuria, na babake Mbithi mwenyewe ndiye aliyekubali ua uzunguke pale. Kila mtu alilijua jambo hilo. Mbithi alisimama mbele ya kamati akasema, "Kithima ni cha huyu mama, hiyo haina maneno." Muema akanyoosha mnyororo kutoka jiwe la juu hadi jiwe la chini, Kasyoka akapima kutoka kwenye mnyororo hadi kwenye ua, kila baada ya hatua chache, akiita namba, nami nikaandika: kushoto nne, kushoto tisa, kushoto kumi na nane. Kalekye akatuletea maji kwa kibuyu. Yalikuwa baridi na hayakuwa na chumvi hata kidogo, jambo la ajabu mahali pale, na Kasyoka alikunywa mara mbili.

Juma lililofuata Kasyoka alipata supu ya kichwa cha mbuzi, akaileta mezani, akainywa huku akikagua kitabu changu, na akaimwaga. Kurasa mbili, zile za ua wa Kalekye, ziligeuka manjano ya mafuta. Mkubwa wetu alikuwa anakuja Ijumaa kukagua vitabu. Basi yule yule wa kitabu-hakinakiliwi alipangusa meza kwa mkono wa shati, akasema, "Nakili. Andika safi, ile mwandiko yako ya shule."

"Lakini ulisema kitabu hakina—"

"Karani, andika!"

Akatoka kutafuta sabuni. Nilibaki mle chumbani na theodolaiti kwenye kiti chake, nikaamua kwamba kama ni kunakili, nitanakili kama mtu aliyesoma. Nikaanzia juu. Na hapo ndipo mjinga angepona na mimi nikaangamia, maana mjinga angenakili vilevile tu, cha kushoto kushoto na cha kulia kulia, na ramani ingetoka sawa. Mimi nilifikiri. Nilijiambia: ikiwa natembea kutoka juu ya karatasi nikishuka kunielekea mwenyewe, basi mkono wangu wa kushoto uko upande wa kulia wa karatasi. Nikaichukua kila namba ya kushoto nikaihamishia kulia, kwa rula, kwa wino mweusi, na nilipomaliza nilijipongeza. Mchoraji wa ramani huko ofisini, ambaye hakuwahi kumwona Kalekye wala kisima chake, aliisoma kazi yangu jinsi wachoraji wote wasomavyo: kilicho kulia kwa karatasi kiko kulia kwa ardhi. Tumbo la ua likageuka, likaingia kwa Kalekye, na kisima kikabaki nje, ndani ya shamba la Mbithi. Zile kurasa za supu Kasyoka alizichana na kuwashia jiko. Zilishika moto upesi kwa ajili ya mafuta.

Ramani ilirudi baada ya miezi kadhaa, ikabandikwa ukutani pale ofisini kwetu. Sheria iliwapa watu siku sitini waiangalie na kupinga, kisha basi. Watu walikuja, wakagusa mashamba yao kwa vidole, wakaenda zao. Kalekye hakujua kusoma, lakini hakuhitaji kusoma ili alijue shamba lake. Alisimama mbele ya ule ukuta kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Kasyoka, ambaye watu wa pale walimwita sovea, yaani mpima.

"Sovea, hii tumbo mmeigeuza."

"Mama Mutua, mnyororo haudanganyi."

"Sijasema mnyororo. Nimesema nyinyi."

Akatoka nje, akaokota kijiti, akachora mchangani: jiwe la juu, jiwe la chini, ua, tumbo, kisima. Nilikuwa nimetoka nyuma yake nikasimama mlangoni na kalamu mkononi. Nikautazama mchoro wake, nikageuka kuitazama ramani ukutani. Tumbo moja lilielekea huku na lingine kule. Hakuna aliyenieleza kitu. Niliiona tu ile rula yangu ikihamisha namba, moja baada ya nyingine, na ile furaha yangu ya kipumbavu. Nikarudi ndani nikaketi.

Kesho yake, tukila, nilimwambia Kasyoka. Aliweka kijiko chini. "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. "Basi hakuna kosa," akasema. Nikadhani hakunielewa, nikaanza kueleza upya, na yeye akaniinulia kiganja. Alielewa vizuri sana. Kupima tena kulitaka sababu, sababu ingeulizia kitabu cha kwanza, na kitabu cha kwanza kilikuwa majivu. Mpima aliyenakilisha kitabu anafukuzwa kazi, na yeye alikuwa anangoja kupandishwa cheo ahamie Kitui. Kisha sauti yake ikalainika, na hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka kwa hasira zaidi. "Chuoni kuna nafasi ya kusomea hii kazi. Wameniuliza nipendekeze mtu mmoja. Wewe uko na kichwa, Nduku. Unataka ioze hapa ikihesabu mikonge?" Muema alikuwa amechuchumaa mlangoni na sahani yake. Aliacha kutafuna. "Tupime tena," alisema. "Ni nusu siku tu. Mimi nitavuta." Kasyoka hata hakumgeukia. "Wewe kula," akamwambia. Nusu siku! Nimeishi miaka yote hii na lile neno. Nimekaa kwenye foleni za ofisi kwa nusu siku kungoja muhuri mmoja, nimemaliza nusu siku kwenye mikutano ya kupanga mikutano, na kila mara nawaza kwamba kwa muda huo huo, mimi na Muema na mnyororo uliochakaa, tungeyarudisha yote mahali pake. Nilichofanya ni kumalizia muthokoi wangu.

Kalekye alikuja karibu kila siku ya pili. Kasyoka alimwambia kwamba anayeweza kupinga ni mwenye jina kwenye daftari, yaani mume wake. Huo ulikuwa uongo. Kitabu cha sheria kilikuwa kwenye droo yangu, na kilisema mtu yeyote aliyeguswa na jambo lile anaweza kupinga. Nilikuwa nimekisoma, na nilikisoma tena, nikaifunga droo. Kalekye akaandikiwa barua na mwalimu mmoja ikapelekwa Mombasa. Mume akajibu kwamba atalishughulikia Krismasi, wamngoje, na pamoja na jibu akatuma leso. Leso! Siku sitini zinakatika, na mtu anatuma leso! Naye Mbithi nilimsikia kupitia ukuta wa mabati akinunua sukari pale dukani. Mtu alimuuliza kama si yeye aliyesema mbele ya kamati kwamba kisima ni cha Kalekye. "Nilisema," Mbithi akajibu kwa upole. "Lakini serikali imeniandikia mimi, na mimi sikuomba. Sasa nikatae? Neno linasema tutii mamlaka." Mwenye duka akasema amina. Ningeweza kuutoboa ule ukuta kwa kichwa.

Kila Kalekye alipofika, Kasyoka alitoka kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyekumbuka jambo. Kwa hiyo mama alikaa na mimi. Alikalia lile benchi karibu na meza yangu, akaniuliza kama nimelala vizuri, kama nimekula, kwa nini nimekonda. Mara nyingine alileta papai, akalikata kwa kisu chake mwenyewe, akanipa kipande kikubwa. Hakuzungumzia ramani. Aliniangalia tu nikiandika, nami nikajifanya nina kazi, nikahamisha karatasi kutoka upande huu wa meza kwenda upande ule. Nilimwona ni mkaidi, anamngoja Kasyoka asiyerudi, na nakiri kwamba nilifika mahali pa kumchukia kwa ule uvumilivu wake. Siku ya hamsini na nane alikaa kuliko kawaida. "Mwiitu," akasema alipokuwa anainuka, "hakuna kitu?" Nikamjibu, "Hakuna, mama. Sovea ametoka." Siku ya sitini ilipopita, niliishusha ile ramani kwa mikono yangu, nikaikunja.

Mbithi akaweka waya kufuata ramani. Hakumkataza Kalekye maji. Alitangaza kwamba aje tu achote, sisi ni majirani, lango halina kufuli. Kalekye hakwenda hata siku moja kuomba maji ya kisima alichokichimba. Alichukua mtungi akaenda mtoni. Haya aliniambia Muema siku niliyofungasha kwenda chuoni. "Soma vizuri," akasema, na hakunipa mkono. Nilisoma vizuri. Nikawa mchoraji wa ramani, wa kwanza mwanamke katika ofisi yetu, nikachora kwa kalamu ya wino, kisha kwa kompyuta, hadi nilipostaafu. Vijana waliniogopa kwa sababu kitabu cha shambani kilicholetwa safi nilikirusha mlangoni: nendeni mniletee chenye tope. Walinitungia majina. Waliona ni ukali wa uzee, na mimi niliwaacha waone hivyo, ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Na mara ngapi nilipita njia ya Kalamba na gari la ofisi! Nilikuwa namwambia dereva aongeze mwendo.

Wiki moja baada ya mazishi nilimweleza Mutheu kila kitu, na Mutheu, kwa utulivu ulioniudhi, akasema inawezekana kurekebisha. Aliyefanya kosa yuko hai, aandike kiapo, Mutheu apime, faili ipelekwe. Tukaenda. Kalekye tulimkuta nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, anachambua ndengu kwenye uteo. Amekuwa mdogo, lakini mgongo umenyooka kuliko wangu. Nikasema, "Mama, mimi ni Nduku. Yule karani." "Najua," akasema. "Umenenepa." Nilikuwa nimetayarisha maneno. Niliyasema yote nikiwa nimesimama: supu, rula, droo, chuo. Vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Siku ile nilichora hapo nje kwenu, uso yako ilianguka. Nikasema, huyu mtoto amejua. Sovea nilijua hawezi kusema, yule alikuwa mtu wa cheo. Mimi nilikuwa nakuja kwako."

"Kwangu?"

"Kwani hiyo papai ilikuwa ya Kasyoka?"

Nilitafuta pa kukaa. Mutheu akanisukumia debe. Nimejikasirikia maisha yangu yote, lakini hasira ile ilikuwa na namna ya kunifariji, kwa sababu ndani yake palikuwa na Kasyoka, na Mbithi, na mume wa leso, na mimi nilikuwa karani tu, mtoto, kalamu ya watu wengine. Kumbe siku sitini zote yule mama hakuwangoja hao. Alikuwa ananipa nafasi, kipande baada ya kipande, nami nilikula. Nilisikia aibu ambayo sina jina lake. Mutheu akainama na kusema kwa sauti ya kubembeleza, kama kwa nyanya yake, "Susu, tutarekebisha. Kisima kitarudi kwako."

Kalekye akacheka. "Kithima gani? Malori yalichukua mchanga yote ya kale kamto, ile ilikuwa inashika maji, kithima ikakauka. Hapo ni shimo. Mbuzi ya kijana wa Mbithi ilivunjikia mguu hapo."

"Basi tuache?"

"Asi! Nani amesema muache? Andikeni."

Nikaandika kiapo kwenye fomu ya Mutheu, juu ya goti langu, na nilipomaliza Mutheu akamsomea kwa Kikamba, kifungu kwa kifungu: ua, jiwe la juu, jiwe la chini, tumbo na upande wake, jina langu, kosa langu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Umbali ya ua imeandikwa," akasema. Nikasema ndiyo, kila hatua. "Na ya mtoni?" Sikumwelewa. "Kutoka hapa kwa mlango mpaka pale nilikuwa nachota. Hiyo mmeandika wapi?" Mutheu akaitazama fomu, akaigeuza nyuma, akasema kwa heshima kwamba hapana nafasi ya jambo hilo. "Nyinyi si masovea?" akauliza Kalekye. "Pimeni."

Aliinuka, akajifunga leso kiunoni, akaokota mtungi wa lita ishirini uliokuwa umelala ukutani, akanipa mimi. "Beba. Hii ni ya kwenda, hii ndiyo rahisi." Mutheu akasimamisha fimbo yake kwenye kizingiti, kifaa kikalia, na tukaanza kushuka. Ilikuwa kama saa tano, jua limeshika. Njia ilikuwa ya mawe na miiba, ikishuka na kupanda na kushuka tena, na Mutheu alikuwa anasoma umbali kwa sauti kila tulipofika kwenye kona. Kalekye alitangulia na mkongojo wake bila kuangalia nyuma. Mtungi ulikuwa mtupu na bado ulinigonga goti kila hatua. Kabla hatujafika nusu nilijikuta nimeketi juu ya jiwe, pumzi imenikatika, na nilipojaribu kuinuka sikuweza. Kalekye alirudi hatua chache, akanitazama pale nilipokaa. Hakusema niinuke. Alimwambia Mutheu aandike mahali nilipofika, halafu akauchukua mtungi mkononi mwangu, akaendelea kushuka.